Asioshwe, Asipewe Dawa

Watoto watatu wa nguruwe walifika maabara ya mifugo wakiwa wamekufa, wameogeshwa kwa sabuni ya kunukia, wamekaushwa na kuviringishwa kwenye taulo jeupe. Aliyewaleta alikuwa mzee mmoja mwembamba, amevaa koti zito siku ya joto, kwa sababu aliona si vizuri kumtembelea mkwe wake kazini bila koti. Alikiweka kifurushi mezani kwa mikono yote miwili, akavua kofia, akaukazia macho ukuta.

"Shikamoo, baba," alisema daktari.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Nini kimewapata hawa?"

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya utumbo wa nguruwe, ya rangi, na kila sehemu imeandikwa jina lake. Mzee alipogundua anachokitazama, akahamishia macho dirishani.

"Hawakuwa wanajisikia vizuri," alisema.

Daktari huyu hakuwa mtu wa haya. Kazini kwake, kabla ya chai ya asubuhi alikuwa ameshalitaja neno kinyesi mara nyingi kuliko alivyowasalimia wenzake, na aliweza kula andazi huku akieleza tofauti ya rangi zake. Lakini mzee huyu alikuwa baba mzazi wa mume wake, na tangu siku alipoolewa wawili hawa waliishi kwa kanuni ambayo hakuna aliyeitunga na hakuna aliyethubutu kuivunja. Baba mkwe na mkwe wake waliongea habari za mvua, bei ya saruji na hali za watu wasiohusika. Mambo ya chini ya mkanda hayakuwepo. Kwa kanuni hiyo, katika ukoo ule hakuna mtu aliyewahi kuumwa tumbo.

Bahati mbaya ni kwamba ugonjwa wa tumbo wa watoto wa nguruwe hautambuliki kwa adabu. Lazima uulize walianza wakiwa na umri gani, wanatoa maji au uji, ni njano au nyekundu, kuna damu au hakuna. Ukikosea jibu moja unatibu ugonjwa mwingine kabisa, na mgonjwa anakufa akiwa na dawa ya jirani yake.

"Hawakujisikia vizuri upande gani, baba?"

Mzee alifikiri sana. "Upande wa nyuma," alisema, kisha akaaga, akasahau taulo.

Fundi wa maabara, mwanamume mnene aliyeitwa Sahani kwa sababu maisha yake yote yalikuwa ya kuotesha bakteria kwenye visahani, aliwapasua palepale. Hakukuwa na cha kuona. Walikuwa wamekufa tangu alfajiri, na mnyama akishakufa bakteria wa kila namna husambaa tumboni, wenye makosa na wapita njia, wala huwezi kujua nani aliyeanza fujo. Nje nako, mahali ambapo ushahidi ungekuwa umeganda kwenye manyoya ya mkia, palinukia waridi.

"Huyu mzee wako anawatayarisha vizuri kuliko watu wa mochwari," Sahani alisema. Daktari hakucheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Safari iliyofuata mzee alileta watoto wawili walio hai, baada ya kuagizwa hivyo kupitia kwa mwanawe. Sahani akachukua sampuli, akapaka kwenye visahani vyake, akaviweka kwenye joto. Kesho yake visahani vilikuwa vitupu kama vilivyotoka dukani. Ikabidi mume wa daktari, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa njiani, apige simu nyumbani kuuliza, kisha apige tena maabara kuleta majibu.

"Baba anasema aliwapa kapsuli kidogo kabla ya kuja," alisema, sauti ya injini ikishindana na yake. "Zile za rangi mbili, za duka la dawa. Anasema angejisikia vibaya kukuletea wagonjwa ambao yeye mwenyewe hajawahangaikia."

"Mwambie dawa inawaua bakteria nusu nusu na kuwaficha. Mwambie mgonjwa apimwe kwanza, dawa baadaye. Na muulize rangi."

Mume akakata simu, akampigia baba yake. Kisha mume akarudi hewani. "Anasema ni rangi isiyofaa."

"Rangi isiyofaa ndiyo rangi gani?"

"Mke wangu, mimi nimeuliza nilivyoweza. Halafu kuna jambo jingine. Jumamosi mwenye bucha anakuja kumchukua Mwenyekiti."

Daktari akaketi.

Mwenyekiti alikuwa nguruwe jike mwenye mwili wa kabati, na aliyempa jina hilo ni marehemu mama mkwe. Yeye ndiye aliyemchagua akiwa mtoto, akambeba kwenye kikapu mpaka nyumbani, akamlea karibu na jiko. Nguruwe yule alipokua alizoea kulala katikati ya mlango wa banda, na hakuna shughuli iliyoweza kuendelea mpaka yeye ameridhia kunyanyuka. Mama alipofariki, mzee alianza kutoa kiti nje kila jioni, kukiweka kando ya banda na kumsimulia Mwenyekiti habari za siku nzima. Ukoo wote ulijua, na hakuna aliyemuuliza. Sasa Mwenyekiti alikuwa amezaa mara mbili mfululizo, na mara zote mbili watoto wakateketea kabla ya kumaliza wiki. Mzao wa tatu ulikuwa umeshaanza kuugua. Mzee alikata shauri kwamba maziwa yamegeuka sumu, na kwamba ni ukatili kumwacha mama aendelee kuzaa watoto wa kuzikwa. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mume alieleza, halafu akakata simu bila kuaga.

Jumamosi daktari alifungasha vifaa vyake kwenye begi, akaenda ukweni.

Alilikuta banda likinuka dawa ya choo. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka imepauka. Watoto wa nguruwe walikuwa wamepangwa kwenye nyasi mpya, wameogeshwa maji ya baridi, wanatetemeka kwa usafi. Hata Mwenyekiti alikuwa ameoshwa masikio. Alilala mlangoni kama kawaida yake, akamwangalia daktari kwa jicho moja, akalifunga.

"Nimefagia kidogo," alisema mzee, "niliposikia unakuja."

"Baba, huwa panasafishwa hivi kila siku?"

"Ah, hapana! Kwa ajili yako tu."

Hapo daktari alitamani kukaa chini alie. Sabuni ile ingetumika kabla ya Mwenyekiti kuzaa, banda likakauka, pengine watoto wote wangekuwa wazima. Imetumika leo, kwa heshima, imefuta ushahidi na kuwapa baridi wagonjwa. Alizunguka banda zima akitafuta doa, akiinua nyasi moja moja, na baba mkwe akimfuata nyuma kwa wasiwasi wa mwenye nyumba anayeogopa mgeni asije akaona vumbi. Mara kwa mara mzee aliomba radhi, akapotelea nyuma ya nyumba.

"Naangalia kuku," alisema.

Baba hakuwa na kuku. Daktari aliligundua jambo hilo, pia aligundua kwamba suruali ya mzee ilishikiliwa kiunoni kwa kamba, na kwamba uji aliokuwa amejimiminia bado ulikuwa umejaa kikombeni. Lakini mkwe hamkagui baba mkwe. Aliyaweka mambo hayo pembeni na kurudi kwenye nyasi.

Mwenye bucha aliwasili na mkokoteni na kamba. Alikuwa mtu mchangamfu, aproni yake safi kwa ajili ya safari, na alimzunguka Mwenyekiti akimpigapiga mgongoni na kusema "mali, mali" kwa sauti ya chini. Mzee alisimama mbali, amekunja mikono, anatazama paa. Mwenye bucha akaanza kuilegeza kamba.

Daktari alikohoa. Akakohoa tena. Kisha akajikaza.

"Baba," alisema, "nataka kinyesi."

Mkono wa mwenye bucha ukasimama hewani. Mzee akaishika kofia yake kichwani kana kwamba kumepita upepo.

"Nataka kinyesi kibichi," daktari aliendelea, maana lililokwisha kutoka halirudi mdomoni na alishaona ni afadhali amalize. "Nataka mtoto aliyeanza kuharisha leo. Asioshwe, asipewe dawa, awe hai. Nitampima, na baadaye nitamuua nimpasue papo hapo, kabla hajaoza. Nisipofanya hivyo sitajua ni bakteria gani. Nisipojua, leo unamchinjisha Mwenyekiti kwa kosa ambalo sidhani kama ni lake. Mama hakumbeba kwenye kikapu ili mambo yaishie hivi kwa sababu mimi na wewe tunaoneana haya!"

Mwenyekiti alijamba, kwa utulivu, bila kufumbua jicho.

"Yupo mmoja," mzee alisema hatimaye. "Alijichafua ulipokuwa unaingia getini. Nikamficha jikoni."

Alimleta kwenye kikapu kilichofunikwa gunia, kikapu kilekile cha zamani. Mtoto alikuwa mdogo, amelowa mkia wote, macho yameingia ndani. Na mzee, akiwa amemshika mikononi, akaanza kusema. Mwanzoni alisema akiangalia paa, halafu akimwangalia mtoto, na mwishoni akimwangalia mkwe wake usoni. Alisema ni maji matupu, ya njano mpauko, yanatoka yenyewe bila mtoto kujikamua. Alisema huanza tangu siku inayofuata baada ya kuzaliwa, mmoja baada ya mwingine. Alisema damu hakuna, ameangalia vizuri, hata kwa tochi ameangalia. Alisema hawatapiki sana, wanaendelea kunyonya hadi dakika ya mwisho, ndiyo maana alidhani ni maziwa. Alijua kila kitu. Alikuwa nacho chote kifuani miezi yote hiyo.

Daktari akachovya kipande cha karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi, kwenye maji yale. Karatasi ikageuka bluu.

"Hiyo maana yake nini?" mwenye bucha aliuliza. Alikuwa amesogea karibu, kamba ameisahau.

"Ingekuwa baadhi ya virusi, mara nyingi ingeelekea nyekundu. Bluu na umri huu vinanipeleka kwa bakteria anayeufanya utumbo umwage maji. Bado si hakika."

Alimchoma mtoto sindano ya kumlaza, kisha nyingine. Mzee alimshika mpaka alipotulia, ndipo akamlaza mwenyewe kwenye ubao. Daktari akapasua. Utumbo ulikuwa mwembamba, umejaa maji, lakini haukuwa mwekundu; kuna bakteria mwingine, mbaya zaidi, ambaye angeuacha kama umepakwa damu. Akaufungua mfuko wa tumbo. Ndani palikuwa na donge jeupe la maziwa yaliyoganda, zito, la kumshibisha mtoto kwa siku nzima.

Mzee aliinama. "Kumbe alishiba."

"Alishiba, baba. Wote walishiba. Mama yao hana kosa hata kidogo. Wanakula vizuri, maji yanawatoka kwa huku chini, wanakauka wanakufa."

Mzee alikwenda akaketi kwenye kiti chake kando ya banda. Hakumwambia Mwenyekiti kitu, ila alimwekea mkono shingoni na kuuacha hapo. Mwenye bucha aliizungusha kamba kiwikoni taratibu, akasema kwamba yeye hata hivyo alikuwa anapita tu, akausukuma mkokoteni wake mtupu mpaka barabarani.

Daktari alifunga vipande vya utumbo kwa uzi, akavitia kwenye kisanduku cha barafu, na kesho yake visahani vya Sahani vikaota. Vilikuwa vimejaa vidoa vya kijivu, kila kidoa na duara angavu pembeni pale kilipoyeyusha damu iliyochanganywa kwenye chakula chake. Sahani aliviinua kwenye mwanga kama mtu anayeonyesha picha za harusi ya mwanawe. Akavijaribu kwa dawa moja baada ya nyingine, na zile kapsuli za rangi mbili hazikuvidhuru kabisa. Dawa nyingine ilivimaliza.

Basi watoto waliobaki wakapewa dawa hiyo, wakanyweshwa maji ya chumvi na sukari, wakawashiwa taa ya joto, na ikapigwa marufuku kumwogesha mtu yeyote. Mmoja alikufa. Wengine wakaanza kukimbizana na kumkanyaga mama yao kichwani. Mwenyekiti angechanjwa kabla ya mzao ujao, na banda lingeoshwa na kukaushwa kabla hajaingia, sio kabla ya mkwe kuja.

Tatizo jipya lilikuwa la upande wa pili. Mzee alikuwa ameonja uhuru. Alimpigia mkwe wake simu asubuhi kumwambia leo ni uji mzito, kahawia, wa kupendeza. Alipiga yeye mwenyewe akiwa kwenye kikao cha ukoo, kila mtu akisikia, kuuliza kama punje punje ni dalili mbaya. Mume wa daktari, aliyerudi safari, aliisikia simu hiyo akatoka nje na sahani yake ya chakula.

"Umemfanya nini baba yangu?" aliuliza.

"Nimemtibia nguruwe," alisema mkewe.

Kila wiki mzee alikuja pia maabara, koti lake mwilini, kisanduku cha barafu mkononi, na ndani vikopo vitatu vilivyoandikwa vizuri majina ya watoto wa bandani: mwenye doa, mwenye sikio, mchoyo. Alivipanga mezani na kueleza kimoja kimoja, akiitazama ile picha ya ukutani bila woga na kuonyesha sehemu kwa kidole. Sahani alimpenda sana.

Ndipo siku moja vikatoka vikopo vinne.

"Huyu ni mwenye doa," alisema mzee. "Huyu mwenye sikio. Huyu mchoyo, sasa yuko sawa kabisa."

"Na hiki, baba? Hakina jina."

Mzee alivua kofia. "Huyo si wa bandani."

Daktari alikishika kikopo, akakiinua kwenye mwanga kwa mazoea tu. Kilichomo kilikuwa cheusi kama lami, na pembeni kina uzi mwekundu. Akakumbuka kamba ya suruali, akaukumbuka uji na kuku wasiokuwepo. Yeye aliyeinua nyasi moja moja akitafuta doa. Akabaki amekishika kikopo kile kwa mikono miwili asijue pa kukiweka.

"Ana umri gani?" aliuliza, kwa kuwa ndilo swali la kwanza.

"Sabini na moja."

Alikirudisha kikopo kwenye barafu, akavua glavu na koti jeupe, akaichukua kofia ya mzee. Alimshika baba mkwe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, wakatoka.

Hospitali ya watu ilikuwa imejaa. Watu walikaa kwenye benchi mpaka mlangoni, na muuguzi wa dirishani alikuwa amechoka na ana kalamu isiyoandika. Daktari aliinama karibu na kioo, akafungua mdomo, na lile neno analolitaja kila siku kabla ya chai likakataa katakata kutoka. Huyu alikuwa baba.

"Hajisikii vizuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Upande gani?" muuguzi aliuliza.

"Upande wa..."

Mzee akamsogeza pembeni kwa upole.

"Ninajisaidia damu," alisema, na benchi lote likasikia. "Siku nyingine nyekundu, siku nyingi nyeusi, inanata, inanuka tofauti. Ilianza kabla Mwenyekiti hajazaa mara hii. Nimepungua mwili. Maumivu yapo hapa, kushoto, chini. Na sampuli nimekuja nayo, iko kwenye barafu."

Muuguzi alitupa kalamu mbovu, akatafuta nyingine, akaandika haraka. Kisha akamwita mtu wa ndani aje na kiti cha magurudumu.

"Mzee, kuna dawa yoyote umeshakunywa?"

"Hapana," alisema baba mkwe, akinyoosha koti lake kwa fahari. "Miezi yote sijagusa hata kidonge. Daktari wangu alikataza. Alisema mgonjwa apimwe kwanza." Akamwelekezea mkwe wake kidevu. "Ndiye huyu."

Watu wote wa benchi wakamgeukia daktari wa nguruwe wamwone. Alikuwa ameegemea ukuta, ameuficha uso kwenye kofia ya mzee, analia kwa sauti.